Baiskeli hadi Old Moses, miguu baada ya hapo: hesabu za siku moja Mlima Kenya

Kutoka lango la Sirimon, upande wa kaskazini-magharibi wa Mlima Kenya, hadi kambi ya Old Moses ni kilomita 9 za barabara ya gari. Lango liko mita 2,650 juu ya usawa wa bahari, kambi iko mita 3,300. Anayetembea hutumia saa tatu hadi nne kupanda, na jioni anaporudi na magoti yaliyochoka, kilomita hizo hizo 9 ndizo humtoa jasho la mwisho. Ni msitu na kona, msitu na kona. Sehemu yenye mandhari, yaani nyika ya juu, mabonde na vilele vinavyochungulia mawinguni, huanza barabara inapokwisha.

Ndiyo maana watu huuliza: kwa nini nisipande kwa baiskeli hadi kambini, niiache hapo, nitembee huko juu kunakostahili kutembewa, kisha nishuke nikiwa nimekaa? Inawezekana, na kwa siku moja. Ila mambo yanayoamua kama siku hiyo itakuwa tamu au chungu si yale ambayo wengi huanza kuyafikiria. Wengi huanza na aina ya baiskeli. Afadhali kuanza na mwinuko.

Baiskeli inaokoa muda wapi hasa

Mwaka 1892 Mskoti William Naismith alitoa kanuni ambayo wapanda milima wanaitumia hadi leo: saa moja kwa kila maili 3 za njia, ongeza saa moja kwa kila futi 2,000 za kupanda. Kwa vipimo vyetu ni kilomita 5 hivi kwa saa, na saa moja ya ziada kwa kila mita 600 za mwinuko. Weka Sirimon humo: kilomita 9 ni saa 1 na dakika 48, mita 650 ni saa 1 na dakika 5, jumla karibu saa 3. Ongeza hewa nyepesi na mapumziko, unapata zile saa tatu na nusu zinazotajwa na waongozaji.

Sasa baiskeli. Mita 650 kwa kilomita 9 ni mwinuko wa wastani wa asilimia 7. Chukua mtu wa kilo 70, baiskeli ya kilo 14 na mzigo wa kilo 8. Jumla kilo 92. Mtu mwenye mazoezi ya kawaida anaweza kukanyaga kwa nguvu ya wati 130 hivi kwa muda mrefu katika kimo hicho, na kwenye barabara ya vumbi na changarawe nguvu hiyo inamsogeza kwa kilomita 5 na nusu kwa saa. Hesabu saa 1 na dakika 40, na ukiongeza kusimama kupumua na kusukuma vipande vikali, saa 2. Ameokoa saa moja au zaidi kidogo, lakini ameilipia kwa mapaja yake.

Kushuka ni habari nyingine. Kwa mwendo wa tahadhari wa kilomita 15 hadi 18 kwa saa, kilomita 9 zinaisha kwa dakika 30 hadi 36. Kwa miguu zingekula karibu saa 2, na kila hatua ingekuwa pigo kwenye goti. Hapa muda unaokolewa bila kulipa chochote. Kwa hiyo baiskeli mlimani inapimwa zaidi kwa jinsi inavyokurudisha kuliko jinsi inavyokupeleka.

Kuna mstari ambapo faida ya kupanda inapotea kabisa. Kwa mtu yule yule na mzigo ule ule, mwinuko wa asilimia 3 unampa kilomita 10 kwa saa, mara mbili ya mtembeaji. Asilimia 7, kilomita 5 na nusu. Asilimia 12, kilomita 3 na nusu, na hapo mtembeaji mwepesi aliye kando yako anakwenda nawe sambamba. Barabara ikishafika asilimia 12, shuka usukume bila aibu. Ukibaki juu ya tandiko unachoma miguu bila kununua dakika hata moja. Kumbuka pia kwamba asilimia 7 ya Sirimon ni wastani. Kuna vipande vya karibu tambarare na kuna vipande ambavyo vitakushusha tu.

Mchezo huu una mashabiki wengi Scotland kwa sababu ya mstari huo huo. Kule mabonde ni marefu na mapole, barabara za mashamba zimefungwa kwa magari, na sheria ya ardhi ya mwaka 2003 inampa mwendesha baiskeli haki ya kupita kwa kuwajibika. Anayekwenda mlima Ben Alder akitokea kijiji cha Dalwhinnie ana karibu kilomita 15 za njia, nyingi kando ya ziwa, kabla hajaanza kupanda chochote. Baiskeli huko hubadilisha safari ya siku mbili kuwa ya siku moja. Sirimon haina ukarimu huo wa kupanda, ila ukarimu wa kushuka inao tele.

Ratiba

Jua Mlima Kenya huchomoza karibu saa kumi na mbili na nusu asubuhi na kuzama karibu saa kumi na mbili na nusu jioni, mwaka mzima, tofauti ni dakika chache tu. Asubuhi huwa kweupe. Mawingu hupanda kutoka msituni kuelekea saa tano, na mvua ikija huja alasiri. Miezi mikavu ni Januari na Februari, kisha Julai hadi Septemba. Masika ya Machi hadi Mei na vuli ya Oktoba hadi Desemba hugeuza barabara kuwa matope yanayojaa kati ya tairi na fremu hadi gurudumu linagoma kuzunguka.

Chukua siku ya mwezi mkavu. Uko langoni saa kumi na mbili na nusu asubuhi. Saa mbili na nusu uko Old Moses. Nusu saa ya kula, kubadilisha shati na kufunga baiskeli. Saa tatu unaanza kutembea. Ukipanda kwa mwendo wa mita 200 za mwinuko kwa saa, ambao ndio ule *pole pole* wa waongozaji, saa sita mchana utakuwa umepanda mita 600 hivi, yaani umekaribia mita 3,900, katika nyika ya majani ya mashungi, mierika (vichaka vya erika) na lobelia. Kukiwa kweupe utaona kilele cha Batian, mita 5,199, na jirani yake Nelion, mita 5,188. Unageuka saa sita hiyo hiyo, hata kama kilima kinachofuata kinakuita. Kambi inayofuata, Shipton's, iko kilomita 14 kutoka Old Moses na mita 4,200 juu. Hiyo si ya kwenda na kurudi kwa siku moja, ukiwa na baiskeli au bila. Saa nane uko tena Old Moses, saa tisa na robo uko langoni.

Mtembeaji asiye na baiskeli aliyeanza nawe angefika Old Moses saa nne, na akipumzika nusu saa kama wewe kisha kugeuka saa sita hiyo hiyo, ili atoke mapema kabla ya lango kufungwa saa kumi na mbili jioni, angebaki na saa moja na nusu tu za kupanda nyika, tena mawingu yakiwa yameanza kutanda. Wewe ulikuwa na tatu, na zilikuwa za asubuhi.

Jambo moja huvuruga ratiba hii kabla haijaanza. Shirika la Huduma kwa Wanyamapori, KWS, halimruhusu mtu kupanda mlima peke yake, na mwongozaji wako hutembea. Hawezi kukufuata ukiteremka kwa kilomita 18 kwa saa, na kupanda mkiwa pamoja ina maana wewe unakanyaga kwa mwendo wake. Suluhisho ni mbili: tafuta mwongozaji mwenye baiskeli, katika mji wa Nanyuki wapo, au mpatane kwamba yeye atapanda kwa gari hadi kambini na mkutane hapo, nawe uendeshe na mwenzako. Msipatane, mtagombana njiani. Malipo ya kuingia hufanywa kwa eCitizen, mfumo wa malipo wa serikali mtandaoni, si kwa fedha taslimu, kwa hiyo yakamilishe mjini ambako mtandao upo. Na siku moja kabla, piga simu langoni uulize hali ya barabara na kama baiskeli zinapita, maana mvua kubwa au tembo wanaweza kubadilisha jibu.

Baiskeli yenyewe: gia, breki, tairi

Blaki mamba haipandi Sirimon. Hili si dharau. Ni baiskeli iliyobeba uchumi wa vijiji vyetu kwa miaka mingi. Lakini ina gia moja, na kwa kila mzunguko wa pedali inakwenda zaidi ya mita 5. Ukipanda kwa kilomita 5 na nusu kwa saa ukitaka miguu izunguke mara 60 kwa dakika, baiskeli inatakiwa isogee mita 1 na nusu tu kwa kila mzunguko. Hapo ndipo hesabu ya meno inapoingia. Baiskeli ya mlima ya kisasa yenye gurudumu la inchi 29, sahani ya mbele ya meno 32 na sproketi kubwa ya nyuma ya meno 51, inakwenda mita 1.45 kwa mzunguko. Ile ya zamani ya inchi 26 yenye sahani tatu, ukitumia ndogo ya meno 22 na sproketi ya meno 32, inakwenda mita 1.4. Angalia: baiskeli kuukuu ya mtumba inaweza kupanda sawasawa na mpya ya bei ya pikipiki, mradi sahani ile ndogo ipo na derela, kifaa kinachohamisha cheni, inaifikia. Kwenye baiskeli za kukodi mara nyingi haifikii. Waya umelegea, na mwenye baiskeli hajui kwa sababu yeye huiendesha mjini. Inua gurudumu la nyuma, zungusha pedali kwa mkono, pitisha gia zote kabla ya kulipa.

Breki zinahitaji maelezo marefu kidogo, kwa kuwa ndizo huleta majeraha. Mpanda ngazi hushuka, na anaposhuka na kilo 92 kutoka mita 3,300 hadi mita 2,650, nishati yote aliyoiweka akipanda lazima iende mahali. Kiasi fulani humezwa na changarawe na upepo. Kinachobaki, ambacho ni zaidi ya nusu, kinageuka kuwa joto kwenye breki, na joto hilo linatosha kuchemsha lita moja ya maji baridi. Kama breki zako ni za kubana rimu, rimu ndiyo sufuria: ikipata moto sana hewa ya tyubu inatanuka, gundi ya kiraka cha zamani inalainika, na kiraka kinaachia ukiwa kwenye mwendo. Kama ni za diski, diski hupata moto, pedi hupoteza mshiko, na zile za mafuta yenye maji ndani yake zinaweza kukuachia mkono wa breki unaogusa usukani bila kufanya kazi.

Kosa la kawaida ni kubana breki kidogo kidogo bila kuachia tangu juu hadi chini. Hii ndiyo njia ya uhakika ya kuzipika. Fanya hivi: acha baiskeli ishike mwendo kidogo penye nyoofu, kisha bana zote mbili kwa nguvu kwa sekunde mbili tatu kabla ya kona, achia kabisa, ingia kona ukiwa umeachia. Breki ya mbele ndiyo yenye nguvu kubwa, ila kwenye changarawe usiibane ukiwa umelaza baiskeli konani. Gurudumu la mbele likiteleza hakuna anayeliwahi. Simama mara mbili au tatu njiani. Gusa rimu haraka kwa ncha ya kidole; kama huwezi kukiacha hapo, pumzika dakika tano. Diski usiiguse kamwe, itakuunguza. Kabla ya safari, angalia unene wa pedi: ikibaki chini ya milimita 1, badilisha. Raba za breki za rimu zina mifereji. Mifereji ikifutika zimekwisha. Mvua ikinyesha, breki za rimu hazishiki mpaka zimepangusa maji kwanza, kwa hiyo anza kubana mapema zaidi.

Tairi, inchi 2.1 au zaidi. Upepo, kwa mtu wa kilo 70 mwenye tyubu, psi 28 mbele na 30 nyuma zinatosha. Ukijaza psi 45 kama wanavyojaza vituo vya boda, baiskeli itarukaruka kwenye mawe na mikono itakufa ganzi. Ukishuka chini ya 22, rimu itagonga jiwe na kukata tyubu mara mbili sambamba, pancha wanayoiita ya kuumwa na nyoka. Ukijaza Nanyuki na kupanda hadi Old Moses, kipimo kitasoma karibu psi 2 zaidi kwa sababu hewa ya nje imepungua. Haidhuru, baridi huirudisha.

Zana: tyubu moja nzima ya kipimo sahihi, viraka na gundi, vijiko viwili vya kuvulia tairi, pampu, funguo za pembe sita za milimita 4, 5 na 6, kikata cheni na kiungo kimoja cha cheni. Zaidi ya hapo unabeba karakana. Jaribu pampu kwenye vali yako nyumbani. Vali nene kama ya gari na vali nyembamba ya Kifaransa hazipokei pampu moja bila kigeuzi, na hili hugunduliwa sana porini.

Viatu na mzigo

Viatu vya kubana kwenye pedali viache nyumbani. Vina chuma chini ya wayo na soli ngumu. Mwambani vinateleza kama sabuni, na kilomita 10 za nyika zitakuachia malengelenge. Tumia viatu vya kupanda mlima vya shingo fupi, vyenye soli isiyopinda kirahisi, pamoja na pedali bapa zenye vijino vya chuma. Wengine hubeba jozi mbili. Ni kilo moja ya ziada kwa tatizo ambalo jozi moja nzuri hutatua. Kamba za viatu ziingize ndani: kamba ya mguu wa kulia ikiingia kwenye cheni kwenye mpando, unaanguka upande wa cheni, na hakuna anayejua kuanguka kwa madaha akiwa kwenye kilomita 4 kwa saa.

Mkoba wa mgongoni wa kilo 8 ni mzuri kwa kutembea na mbaya kwa kuendesha. Unainua uzito juu, unabana mapafu unapoinama, na kwenye kushuka husukuma kichwa mbele kila unapobana breki. Gawa. Maji, zana na kufuli zikae kwenye fremu au keria, zifungwe kwa mpira wa tyubu kuukuu, ule ule wafungao magunia. Mgongoni zibaki nguo, chakula na koti la mvua. Ukifika kambini zana, pampu na helmeti hubaki na baiskeli.

Nguo zinaleta fumbo la pekee la safari hii: unapanda ukitoka jasho na unashuka ukiganda. Kwa kila mita 1,000 za kupanda joto hupungua nyuzi 6 na nusu hivi. Alasiri pale Old Moses nyuzi 8 ni kawaida penye ukungu, na ukifika kilomita 30 kwa saa penye nyoofu upepo wa mwendo wako unazifanya zihisiwe kama nyuzi 4. Ongeza shati lenye jasho. Vidole vikiganda havibani breki vizuri, na tumekwisha kusema breki ni nini. Glavu za vidole vizima na shati kavu lililofungwa kwenye mfuko wa nailoni hazina mjadala. Badilisha shati ukifika kambini, usingoje kuhisi baridi.

Mwili

Pale Old Moses hewa ina thuluthi mbili tu ya mgandamizo wa pwani, na kila pumzi inaleta oksijeni kwa kiasi hicho. Mkazi wa Nairobi amekwisha kuzoea mita 1,700 na atajisikia afadhali. Mtu wa Mombasa au Zanzibar anayetoka usawa wa bahari alale angalau usiku mbili Nanyuki, mita 1,950, kabla ya kupanda. Hatari ya baiskeli hapa ni kwamba inakufikisha haraka na inakuruhusu kujikamua kuliko kutembea. Kipimo ni mazungumzo: ukikanyaga usiweze kumaliza sentensi moja bila kuhema, punguza gia au shuka.

Kichwa kuuma kidogo ni kawaida juu ya mita 3,000. Kichwa kuuma pamoja na kichefuchefu, kusinzia au kuyumba ni ugonjwa wa kimo, na dawa yake ni kushuka. Lakini usishuke kwa kuendesha. Mtu anayeyumba kwa miguu atayumba zaidi kwenye magurudumu mawili, na uamuzi wake wa lini abane breki umepungua pia. Acha baiskeli yake kambini, mteremshe kwa miguu au kwa gari la KWS. Watu hukwama hapa kwa sababu baiskeli ni ya kukodi na wanaogopa kuiacha. Baiskeli inaweza kulala Old Moses.

Miguu nayo ina hila yake. Ukishuka kwenye tandiko baada ya saa mbili za kupanda, mapaja yanakuwa kama uji, na hatua mia za kwanza unatembea kama bata. Dakika kumi za mwisho kabla ya kambi, weka gia nyepesi kuliko unayoihitaji na zungusha miguu haraka. Kisha dakika kumi za kwanza za kutembea ziwe za polepole mno. Kabla ya kuanza kuteremka alasiri, shusha tandiko sentimita 4 au 5. Uzito unakuwa chini, miguu inafika ardhini, na huendi kichwa mbele kwenye shimo.

Kula mapema. Mwili unahitaji gramu 30 hadi 60 za wanga kwa saa katika kazi kama hii: ndizi mbivu mbili, au chapati moja na nusu, au kiazi kitamu kimoja kikubwa kiasi. Maji nusu lita kwa saa, karibu lita 4 kwa siku nzima, na utakayojaza kambini yachemshwe au yatiwe kidonge.

Wanyama, wezi, na mahali pa kuiacha

Baiskeli haina kelele. Mtembeaji husikika kutoka mbali, gari zaidi. Wewe unatokea konani kimya kwa kasi, mbele ya nyati aliyekuwa anakula majani. Msitu wa Sirimon una nyati na tembo, na wanapenda barabara asubuhi na mapema na jioni, yaani saa yako ya kupanda, na ya kushuka pia ukichelewa. Piga kengele au ongea kwa sauti kabla ya kila kona. Ukimwona, simama mbali, usimpite kwa kutegemea kasi, rudi nyuma taratibu na ungoje. Kinyesi chenye mvuke barabarani ni taarifa, kiheshimu.

Kuhusu kuiacha: Old Moses pana wahudumu na majengo. Omba, toa kitu kidogo, funga fremu na gurudumu la nyuma pamoja kwenye nguzo. Usiendelee nayo juu, hata kama njia bado inaonekana pana. Ardhi ya nyika ni laini, tairi zinachora mfereji ambao mvua ya kwanza huukuza, na utakuwa unabeba kilo 14 begani kwa ajili ya mita mia tano za kuendesha. Usifiche baiskeli kichakani kama wafanyavyo Waskoti. Ukungu ukishuka hutaipata. Na usiache chakula kwenye mfuko wa baiskeli. Kima na nyani wanajua zipu vizuri kuliko watoto wengi, na panya watatoboa kitambaa usiku mmoja.

Kwa anayetaka kujaribu mahali pepesi kwanza, Hell's Gate karibu na Naivasha ni moja ya mbuga chache Kenya ambapo baiskeli na miguu vinaruhusiwa kati ya wanyama. Baiskeli hukodishwa karibu na lango la Elsa, barabara inapita chini ya mnara wa mwamba wa Fischer, na unaiacha kituo cha askari ili kutembea. Miba ya migunga ndiyo adui, beba tyubu mbili. Korongo lake lilipata mafuriko ya ghafla yaliyoua watu mwaka 2012 na tena 2019. Mvua hunyesha mbali, maji hufika hapo kukiwa na jua. Wingu likiwa jeusi upande wa juu, usishuke. Mlima Longonot ulio jirani, mita 2,776, ni wa miguu tu kutoka langoni: baiskeli inakufikisha langoni na hapo kazi yake imekwisha, ubakie na mpando wa kilomita 3.1 na mzunguko wa ukingo wa kilomita 7.2. Kilimanjaro, baiskeli hupita njia ya Kilema, si Marangu, na kwa mpango wa siku kadhaa.

Tukirudi Sirimon: lango si mwisho wa siku. Kuna kilomita zisizofika kumi za kuteremka hadi barabara kuu ya Nanyuki na Meru, kisha kilomita 15 hivi hadi mjini. Ukiziendesha jioni, jua linakuwa usoni mwako, na usoni mwa dereva wa matatu anayekuja nyuma yako pia, asiyetarajia baiskeli. Taa nyekundu ya nyuma iwake hata kukiwa mchana. Kaza tena nati za magurudumu kabla ya kutoka langoni, kwa kuwa kilomita 9 za mtikisiko huwa zimezilegeza, na barabara ya lami ndiyo ya kwanza siku nzima itakayokushawishi uachie breki kabisa.